Nani kala majani ya nani? Jibu linaanzia kwenye kinyesi

Kiangazi kinapokaza, simu zinazoingia studio huwa na lawama moja yenye pande tatu. Mfugaji wa Oldonyo Sambu anasema punda milia wamemaliza majani ya ng'ombe. Mkulima wa Ngarenanyuki, ambaye shamba lake liko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, anasema nyati wametoka usiku wakala mahindi yake. Mtu wa uhifadhi akipewa nafasi anajibu kwamba ng'ombe ndio waliomaliza malisho ya wanyamapori. Wote watatu wana ushahidi wa aina moja: niliwaona kwa macho yangu wamesimama pale.

Lakini mnyama anaweza kusimama mahali saa nzima akachagua aina mbili tu za nyasi kati ya kumi zilizo mbele yake. Ng'ombe na punda milia wakiinamisha vichwa kwenye uwanda mmoja, mtu aliye mita mia mbili hawezi kujua yupi kang'ata jani na yupi kang'ata bua. Usiku ndiyo haoni kabisa. Ndiyo maana watafiti, kwa miaka mingi sasa, wamekuwa na njia nyingine ya kuuliza. Wanaokota kinyesi cha mnyama, wanakisafisha, kisha wanakiangalia kwa hadubini, kile chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani yake kuna vipande vya mimea ambavyo tumbo halikuvimaliza, na mmea huacha alama zake.

Baadhi ya wasikilizaji wametuuliza kama hilo ni jambo la kweli au ni hadithi za wasomi. Ni la kweli, lina mipaka yake, na baadhi ya kazi zake za mwanzo zilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. (Tunajua neno la mtaani la kinyesi. Kwa kuwa wengine wanasoma haya wakiwa mezani, tutabaki na kinyesi.)

Jani lina ngozi

Chukua jani la ukoka, lipinde, ulivunje taratibu. Ukiwa na bahati utaona utando mwembamba unaong'aa ukibaki umeshika vipande viwili. Huo utando ndio ngozi ya jani. Juu yake kuna tabaka linalofanana na nta, ambalo kazi yake ni kuzuia maji yasipotee kwenye jua. Tabaka hilo hilo ndilo linaloisaidia ngozi kupita tumboni bila kuyeyuka. Meno yanasaga, vijidudu vya tumboni vinachachua, nyama laini ya ndani ya jani inaliwa na kwisha, lakini ngozi iliyokatika katika vipande vidogo inatoka upande wa pili ikiwa bado ina sura yake.

Yeyote aliyewahi kuvunja kinyesi kikavu cha ng'ombe ameona nyuzi za majani ndani yake. Hizo zinazoonekana kwa macho ni kubwa. Mtafiti anahitaji vipande vidogo zaidi, vya chini ya milimita moja.

Chini ya hadubini, ngozi ya nyasi ni kama ukuta wa matofali: seli ndefu zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, na katikati ya mistari kuna seli fupi. Ndani ya hizo seli fupi nyasi huweka chembe ngumu za silika, madini yale yale yaliyomo kwenye mchanga na kioo. Ukijikata kidole kwa jani la nyasi, silika ina mkono wake. Umbo la chembe hizo hutofautiana kati ya koo za nyasi. Za ukoka zinafanana na tandiko la punda. Za Themeda triandra, ile nyasi ya uwandani ambayo masuke yake huiva na kuwa mekundu-kahawia, zimebanwa katikati kama mfupa ulio na vichwa viwili. Zipo nyasi zenye vinywele virefu, zipo zenye miiba midogo iliyoinama upande mmoja, na matundu ya kupumulia nayo yana mpangilio wake.

Majani ya miti, vichaka na mimea mingine isiyo nyasi hayana ukuta wa matofali. Seli zake zimeungana ovyo ovyo, kingo zimejipinda, kama ramani ya kata zinazopakana. Baadhi yana vinywele vyenye umbo la nyota. Kwa hiyo swali la kwanza, kama mnyama huyu anakula nyasi au anachuma vichaka, hata mwanafunzi wa wiki mbili anaweza kulijibu. Kusema ni nyasi gani hasa, hapo ndipo kazi ilipo.

Kazi yenyewe

Kazi haianzii kwenye kinyesi. Inaanzia malishoni. Huwezi kutambua kipande cha nyasi kama hujawahi kuiona nyasi yenyewe, hivyo mtafiti hukusanya kwanza mimea yote anayoweza kuipata katika eneo analolichunguza, majani, mabua na masuke, akahakikisha jina la kila mmoja. Kisha anatengeneza vipande vya kioo chembamba, slaidi, vyenye ngozi ya kila mmea, na kuvihifadhi kama picha za washukiwa. Baadaye kila kipande kitakachotoka kwenye kinyesi kitalinganishwa na hizo.

Katika jambo hili Arusha ina bahati ambayo mikoa mingi haina. Mkusanyo wa taifa wa mimea iliyokaushwa uko Ngaramtoni, kwenye taasisi ambayo wengi bado tunaiita TPRI ingawa sasa jina lake ni TPHPA. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, makao yake makuu yako Njiro. Chuo cha Nelson Mandela kiko Tengeru, na Tengeru hiyo hiyo kuna chuo cha mifugo. Mtu anaweza kutoka mjini asubuhi kwa daladala akafika sehemu hizo zote kabla ya jioni.

Kisha kinyesi. Kinatakiwa kibichi, ambacho bado kinang'aa na hakijafanya gamba, na ni lazima kijulikane ni cha nani. Hapo wafugaji watatuelewa haraka: kinyesi cha nyati na cha ng'ombe vinafanana mno, na cha mbuzi na kondoo hata mfugaji mzoefu anaweza kubishana na mwenzake. Njia salama ni kumwona mnyama akikiacha. Mtafiti huchota kiasi kidogo kutoka kwenye marundo mengi ya wanyama tofauti, kijiko kwa kijiko, ili tabia ya ng'ombe mmoja mlafi isije ikageuka kuwa tabia ya kundi zima. Anaandika tarehe na mahali. Kinyesi kinakaushwa, au kinawekwa kwenye chumvi au spiriti kisioze. Kilichomo ni chakula cha siku moja hadi tatu zilizopita, si cha asubuhi hiyo.

Maabara, kinasagwa na kupitishwa kwenye chekecheo ili vipande viwe na ukubwa unaokaribiana. Rangi ya kijani na uchafu mwingine huondolewa kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ile tunayoiita jiki. Vinaoshwa kwa maji juu ya chekecheo laini, vinatandazwa kwenye slaidi, na hapo kuhesabu kunaanza.

Kuhesabu kwenyewe kulipata utaratibu unaofuatwa na wengi mwaka 1968, wakati watafiti wawili wa Marekani, Sparks na Malechek, walipochapisha njia yao: slaidi tano, sehemu ishirini katika kila slaidi, jumla mara mia moja za kuangalia. Kila mara unaandika mimea unayoiona. Waliijaribu kwa akili rahisi tunayoipenda. Walichanganya mimea ambayo tayari walikuwa wameipima uzito, wakajifanya hawajui, wakahesabu vipande kwa hadubini, kisha wakalinganisha. Makadirio ya hadubini yalikaribiana na mizani.

Vifaa vyote hivyo si vya ajabu. Hadubini ya shule ya sekondari, hata ile yenye kioo kidogo cha kuakisi mwanga wa jua pale umeme unapokatika, inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi. Kinachogharimu ni macho na muda. Mtu anayejifunza anahitaji kufundishwa na kupimwa mara kwa mara kwa michanganyiko inayojulikana, kama walivyofanya wale wawili, kabla hesabu zake hazijaaminiwa.

Wanakula nyasi moja, hawali kitu kimoja

Watu wa kwanza kutumia ngozi za mimea kwa namna hii walikuwa Marekani, mwaka 1939, na mnyama wao alikuwa kindi. Mwaka 1967 D.R.M. Stewart, aliyefanya kazi Kenya, alichapisha maelezo marefu ya jinsi ya kuchunguza ngozi za mimea kwenye kinyesi ili kujua wanyama wala nyasi wanapendelea nini. Faida aliyoifungua ni kubwa kuliko inavyosikika. Kabla ya hapo, kujua mnyama kala nini kwa uhakika kulimaanisha mara nyingi kumpiga risasi na kumpasua tumbo. Kinyesi hakimdhuru mtu wala mnyama, na mnyama yule yule anaweza kuulizwa tena mwezi ujao.

Mwaka mmoja baadaye Gwynne na Bell walichapisha walichokiona kwenye matumbo ya wanyama wa Serengeti. Tunakaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo ugomvi wetu wa kiangazi unapopata sura mpya. Walipoangalia aina za nyasi peke yake, tofauti kati ya wanyama haikuwa kubwa sana. Walipoangalia sehemu za mmea, wanyama wakatengana. Punda milia alikuwa na mabua mengi. Nyumbu alikuwa na majani zaidi. Swala tomi, mdogo wa wote, alikuwa na sehemu kubwa zaidi ya matunda na mimea isiyo nyasi.

Mfugaji akifikiria midomo ya wanyama hao hatashangaa. Punda milia ana meno ya mbele juu na chini, anakata bua kama mkasi. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, anazungusha ulimi na kuvuta. Na punda milia hacheui. Chakula chake kinachachuka kwenye utumbo wa nyuma na kupita haraka, hivyo anaweza kuishi kwa kula kingi kibaya. Ng'ombe, nyumbu na nyati wanacheua, chakula kinakaa tumboni muda mrefu zaidi, na bua gumu linawajaza bila kuwashibisha.

Sasa weka hilo kwenye uwanda wa nyasi baada ya masika, nyasi zimerefuka na mabua yamekauka juu. Punda milia akipita mbele na kukata mabua, anafungua majani ya chini kwa wanaomfuata. Bell aliuelezea mfuatano huo magharibi mwa Serengeti: punda milia, kisha nyumbu, kisha swala tomi. Kabla yake, mwaka 1960, Desmond Vesey-FitzGerald alikuwa ameeleza jambo la jamii hiyo huko Ziwa Rukwa, ambako wanyama wakubwa kama tembo na nyati walikanyaga na kula nyasi ndefu na kuwatengenezea njia wadogo.

Je, ng'ombe naye anafaidika? Swali hilo lilipimwa Mpala, kaunti ya Laikipia nchini Kenya, na majibu yakachapishwa na Wilfred Odadi na wenzake mwaka 2011. Kulikuwa na maeneo yaliyozungushiwa uzio: mengine ng'ombe walilisha peke yao, mengine walilisha pamoja na wanyamapori. Kiangazi, ng'ombe waliochanganyika na wanyamapori waliongezeka uzito kidogo kuliko wenzao. Msimu wa mvua, mambo yaligeuka: waliochanganyika waliongezeka uzito zaidi, kwa kuwa punda milia hasa walikuwa wameondoa nyasi kavu zilizopitwa na wakati na kuacha malisho bora.

Kwa hiyo mfugaji anayepiga simu mwezi wa Septemba kusema punda milia wanamwumiza ana haki. Na mtu wa uhifadhi anayesema punda milia hawana ubaya naye ana haki, ila amesema habari za mwezi wa Aprili. Wakiendelea kubishana bila kutaja mwezi, hawatapatana. Sisi tunaona hilo ndilo jambo kubwa ambalo utafiti wa namna hii umelileta, na ni ajabu jinsi lilivyochelewa kufika kwenye mikutano ya vijiji.

Kuzunguka Meru

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, na ukipanda kutoka mashamba ya Tengeru hadi juu unapita mahindi na migomba, kisha msitu, kisha vichaka vya baridi, kisha mawe. Upande wa kaskazini mvua inapungua haraka na unajikuta kwenye nchi ya mifugo. Hifadhi yenyewe ilianza mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Taifa ya Kreta ya Ngurdoto, kabla ya kupanuliwa na kuitwa Arusha. Mtalii anayeingia anaonyeshwa uwanda wa Serengeti Ndogo, ambako nyati, punda milia na ngiri wanalisha pamoja na twiga wanachuma migunga pembeni. Ni mahali padogo palipojaa walaji wengi, na nje ya mpaka wa hifadhi kuna ng'ombe, mbuzi na mashamba. Mwaka 1974 Vesey-FitzGerald huyo huyo wa Rukwa alichapisha makala ndefu kuhusu jinsi nyati wa Hifadhi ya Arusha wanavyotumia malisho yao. Mtafiti wa leo atakayechukua kinyesi cha nyati hao hataanzia sifuri.

Kuna maswali matatu ya huku kwetu ambayo hadubini inaweza kuyasogeza.

La kwanza ni alalili, yale malisho ambayo wafugaji wa Kimasai huyafunga yapumzike, yaje kutumika na ndama na wanyama dhaifu wakati wa ukame. Kamati ya malisho inapoamua eneo gani lifungwe, huangalia wingi wa nyasi. Kinyesi kilichokusanywa kiangazi kilichopita kingewaambia kitu cha ziada: kati ya nyasi zilizokuwepo, ng'ombe waliishi kwa zipi hasa mambo yalipokuwa magumu. Huenda nyasi iliyowaokoa ni ile ambayo masika hakuna ng'ombe anayeigusa. Waliopoteza mifugo katika ukame wa 2009 huko Longido na Monduli wanajua thamani ya kujua hilo mapema.

La pili ni shamba. Mahindi kwa ukoo ni nyasi, kama ngano, mpunga na muwa, na ngozi ya jani lake ina alama zake. Ikiwekwa slaidi ya mahindi miongoni mwa slaidi za kulinganishia, mtu mwenye jicho lililofundishwa anaweza kuona kama nyati wa upande fulani wanakula mahindi na kwa kiasi gani katika mlo wao. Haitamtaja nyati aliyeingia shamba la mzee fulani Jumanne usiku, na kwa madai ya fidia taratibu za halmashauri zinabaki zile zile. Lakini kijiji kinaweza kujua kama mahindi ni mlo wa nyati wachache watundu au wa kundi zima, na dawa za mambo hayo mawili hazifanani.

La tatu ni gugu karoti. Gugu hili la kutoka Amerika liliripotiwa Arusha mwaka 2010 na tangu hapo limeteka kingo za barabara, viwanja na malisho. Linawasha ngozi, linabana kifua kwa baadhi ya watu, na ng'ombe akilila maziwa yanakuwa na ladha mbaya. Wanyama hulikwepa wakiwa na hiari. Swali ni wanafanya nini wasipokuwa na hiari, na kinyesi cha kiangazi kinaweza kujibu, kwa kuwa gugu karoti si nyasi na ngozi yake haichanganyiki na ukuta wa matofali. Tahadhari moja hapo hapo: mbegu zake nazo huweza kusafiri na samadi. Mwenye kununua samadi kutoka eneo lenye gugu hilo aiache iive vizuri kabla ya kuipeleka bustanini.

Mama wa Tengeru anayemfungia ng'ombe wake bandani na kumkatia mabingobingo hahitaji haya yote. Anajua alichokula ng'ombe wake kwa sababu amekibeba kichwani.

Inapokosea

Njia hii ina upendeleo wake na ni vizuri mtu aujue kabla ya kuukubali mkono wa mtafiti mwenye jedwali zuri. Mimea laini yenye ngozi nyembamba, hasa chipukizi na mboga za porini, huyeyuka zaidi tumboni, hivyo huonekana michache kuliko iliyoliwa. Nyasi ngumu huonekana nyingi kuliko haki yake. Matunda na maua huweza kupotea kabisa. Nyasi mbili za ukoo mmoja zinaweza kufanana hadi mtafiti mwaminifu akaandika jina la ukoo tu na kuishia hapo. Na macho yanachoka. Baada ya saa nne kwenye hadubini kila kitu kinaanza kufanana na ukoka.

Jambo ambalo watu wengi hawaligundui ni hili: hesabu inatoa sehemu ya mlo, haitoi kilo. Ng'ombe wawili wanaweza kuwa na mlo ule ule kwenye karatasi, mmoja ameshiba na mwingine ana njaa. Wala kufanana kwa milo ya ng'ombe na punda milia hakuthibitishi kwamba wanaumizana. Kama majani ni mengi, wawili wanaweza kula sahani moja wakashiba wote.

Siku hizi kuna njia mpya zaidi ya kusoma vinasaba vya mimea, yaani DNA, iliyobaki kwenye kinyesi. Mwaka 2015 Tyler Kartzinel na wenzake walichapisha matokeo ya kinyesi cha wanyama saba wa Mpala: tembo, nyati, ng'ombe, punda milia wa kawaida, punda milia wa Grevy, swala pala na digidigi. Walitofautisha mimea ambayo hadubini ingeichanganya, na kukuta kwamba hata wanyama wanaoonekana kula chakula kimoja wana milo tofauti. Ni kazi nzuri. Lakini DNA inakutajia jina la mmea bila kukuambia kama mnyama kala jani au bua, na tumeona hapo juu kwamba kwenye ugomvi wetu jani na bua ndiyo habari yenyewe. Pia inahitaji mashine na kemikali za bei kubwa. Kwa kijiji kinachotaka jibu kabla ya kiangazi kijacho, hadubini bado haijazeeka.

Na kuna maarifa ambayo hayahitaji kioo chochote. Wafugaji wa umri mkubwa husoma kinyesi kwa kukitazama: kilicholainika baada ya mvua za kwanza, kilichokauka na kujaa nyuzi mwezi wa tisa. Wanajua malisho yamepoteza nguvu kabla mizani haijasema. Mtafiti anayekuja na mifuko yake bila kuwauliza wazee hao majina ya nyasi kwa Kimasai au Kimeru amejinyima nusu ya orodha yake ya mimea.

Wakija kwenu

Watafiti na wanafunzi wa vyuo hupita mara kwa mara wakiomba kukusanya mimea na kinyesi. Waulizeni kibali chao na waripoti kwa mwenyekiti wa kijiji kama utaratibu ulivyo. Waulizeni watakuja mara ngapi, kwa sababu aliyechukua kinyesi masika peke yake hataweza kusema lolote kuhusu kiangazi. Ombeni matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili, na slaidi au picha za nyasi zenu zibaki kwenye shule ya sekondari iliyo karibu ikiwa ina maabara.

Msiingie hifadhini kuokota kinyesi ili kuwasaidia. Bila kibali ni kosa. Huku nje, anayekusanya avae glavu au mfuko wa plastiki mkononi na anawe kwa sabuni, na asikaribie kabisa mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, kwa sababu kimeta kipo katika ukanda wetu. Kama kijiji kinataka kulinganisha ng'ombe na nyati, vinyesi vichukuliwe wiki moja, kwenye uwanda mmoja, kutoka kwa wanyama walioonwa, na kila mfuko uandikwe pale pale malishoni. Vikishachanganyika kwenye gunia moja njiani kurudi, hakuna hadubini itakayovitenganisha.